Geuza Patasi Kwanza

Majuzi, katika maonyesho ambayo sitayataja, nilisimama mbele ya sanduku la seremala lililowekwa juu ya meza yenye kitambaa chekundu, nikasikia watu wazima wakilisifu mpaka haya zikanishika mimi. Sanduku lenyewe lilikuwa la mtiki, la zamani kweli. Aliyelikarabati alikuwa amelichubua likabaki jeupe, halafu akalimwagia vanishi tabaka juu ya tabaka hata mfuniko ukawa haufungi sawasawa. Ndani mlikuwa na randa mbili za chuma zilizopakwa rangi nyekundu, msumeno uliopitishwa brashi ya waya ya grenda hadi bati lake likafanya mawimbi, na patasi sita zinazong'aa kama vijiko vya arusi, zimefungwa kwa waya kwenye ubao, hanamu juu, mgongo chini. Watu wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Huyu kijana ana mkono." Mkono anao, sikatai. Kinachomkosesha ni jicho, na wale waliompigia makofi hawana hata kimoja.

Kazi hii sasa imekuwa biashara. Masanduku ya marehemu yanatafutwa Gerezani, yanatafutwa Gikomba, yanasuguliwa, yanauzwa kwa wenye hoteli na wenye nyumba mpya. Sina ugomvi na mtu anayetaka pambo la sebuleni. Anunue pambo, aliite pambo. Lakini anayesema amekarabati zana ametoa ahadi mbili: kwamba zana iliyokuwa imelala sasa inafanya kazi, na kwamba mwenyewe wa kwanza akifufuka leo ataitambua kuwa ni yake. Kazi ikishindwa moja kati ya hizo, imeshindwa. Ya kijana yule ilishindwa zote mbili. Najua nitaambiwa kwamba mchagua jembe si mkulima. Aliyetunga msemo huo hakuwahi kuazimwa patasi ya mtu mwingine.

Kutu kwanza, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Kutu nyekundu inakula chuma na lazima itoke yote, hata iliyojificha chini ya nati. Weusi wa miaka mingi, ule wa kahawia unaokaribia rangi ya kahawa, haumli mtu. Huo ni jasho, mafuta na mikono, nao unakinga chuma kuliko rangi yoyote ya dukani. Fundi mzuri anaiondoa kutu na kuuacha weusi. Kwa shaba, ukwaju na majivu vinatosha, kama mama zetu walivyosugua sinia. Kwa chuma, mafuta ya taa, stili waya na subira. Kwa kilichoshikana kabisa, ndoo ya maji yenye magadi na chaja ya betri ya gari: zana upande wa hasi, kipande cha chuma chakavu upande wa chanya. Chuma chakavu cha kawaida, nasisitiza, si kile kisichoshika kutu, maana hicho kinatoa sumu ndani ya maji. Njia hii inabandua kutu bila kugusa chuma kizima kilicho chini yake.

Siki inagusa. Msumeno uliolazwa kwenye siki usiku kucha unaamka na rangi ya kijivu iliyokufa, na ukiutazama kwa karibu utaona ngozi yake imechimbika vitundu vidogo vidogo. Brashi ya waya nayo ina saini yake: mikwaruzo inayozunguka, na herufi za jina la kiwanda zimepoteza kingo. Soma jina la kiwanda kwa ncha ya kucha. Herufi ikikwaruza kucha, aliyekarabati alikuwa na heshima. Kucha ikiteleza, alikuwa na haraka.

Sanduku nalo lina hukumu yake, na hapa msemo wa wazee unatosha: nyumba njema si mlango. Sanduku la seremala halikutengenezwa lipendeze kwa nje. Ulaya, walikotoka wengi wa mabwana waliotuletea desturi hii, nje lilipakwa rangi moja isiyo na majivuno, kwa sababu lilikuwa linatupwa kwenye mikokoteni na melini. Ufundi wote uliwekwa ndani, ambapo mwenyewe tu alipaona. Benjamin Seaton wa Chatham alijitengenezea lake mwaka 1797 ili kutunza zana ambazo baba yake alimnunulia kwa Christopher Gabriel wa London mwaka uliotangulia. Mpaka leo liko katika jumba la makumbusho la Guildhall mjini Rochester pamoja na orodha ya zana zake. Henry Studley, fundi wa vinanda wa Massachusetts aliyefariki mwaka 1925, alipanga zana kama 300 ndani ya kabati moja la ukutani, kila moja na kiota chake cha mahogani, mpingo na lulumizi. Ukilifunga, ni kabati tu. Na lile sanduku la mwaloni lililoibuliwa shambani Mästermyr, kisiwa cha Gotland, Sweden, mwaka 1936, lina umri wa miaka elfu moja hivi.

Kwa hiyo ukiletewa sanduku, usimame mbele yake kwa muda mfupi tu. Lifungue, toa trei, weka mkono chini kabisa. Halafu lipindue miguu juu. Pale nilipojifunzia kazi, mwanagenzi aliyemaliza alijitengenezea sanduku lake mwenyewe, na siku ya kutoa kilemba mwalimu hakulitazama usoni hata kidogo, alilipindua. Chini kuna magongo mawili yanayoliinua lisiguse sakafu. Hayo huoza, huliwa na mchwa, na kuyabadilisha ni halali. Ndiyo sababu yaliwekwa. Mbao za kitako zinapaswa kupita kutoka mbele kwenda nyuma, si kwa urefu, zimepigiliwa na si kugundishwa, ili moja ikioza itolewe peke yake. Ukikuta kitako cha plaiwudi, funga mfuniko uende zako. Pembeni ni mkia wa njiwa, na mkia uliovunjika unatibiwa kwa kipande cha mti uleule, nyuzi zikifuata nyuzi. Anayejaza pati iliyochanganywa na unga wa mbao amepaka poda kwenye jeraha.

Rangi ya zamani ya nje iachwe, hata ikiwa imebanduka. Hili silijadili.

Kuhusu harufu: ndani ya sanduku la fundi wa bara kunanuka mafuta na vumbi la mninga. Pwani kunanuka kafuri, kwa sababu wazee walitupia kipande pembeni ya trei kuzuia kutu ya upepo wa bahari. Sanduku la fundi wa majahazi linanuka sifa, yale mafuta ya papa, na halitaacha kunuka sifa hata ulifanyeje. Linalonuka vanishi ndani limeharibiwa. Mbao za ndani zinatakiwa kuvuta na kutoa unyevu. Ukizifunga, unyevu unakwenda kwenye chuma.

Sasa nifike nilikokuwa nakwenda. Mpe mtu asiyejua kazi patasi iliyokarabatiwa uone anaangalia nini. Ataangalia hanamu. Ataipitishia kidole, ataona inang'aa, atanyoa malaika ya mkono wake wa kushoto, malaika yatakatika, ataridhika. Mpe mtu wa kazi patasi hiyohiyo. Ataigeuza kabla hajaitazama, na kama mgongo umemwambia analotaka kujua, huenda asiitazame hanamu kabisa.

Makali hayako peke yake. Ni mahali ambapo nyuso mbili zinakutana, hanamu na mgongo. Hanamu unainoa leo, kesho inapata pengo, unainoa tena. Ni kazi ya dakika chache na mtoto anaweza kufundishwa. Mgongo unasawazishwa mara moja katika maisha ya patasi. Ukisawazishwa, kila unoaji baada ya hapo ni kazi nyepesi. Usiposawazishwa, kila unoaji ni bure, kwa sababu unanoa upande mmoja wa makali na kuuacha mwingine ukiwa na vishimo vya kutu. Kila hanamu inaporudi nyuma inakutana na kishimo kipya, na kila kishimo kinakuwa pengo kwenye makali, na kila pengo linaacha mstari kwenye mbao. Wewe unaona mstari unalaumu mbao.

Tena kwa patasi mgongo una kazi nyingine, kubwa kuliko ya kukata. Unapochonga ukuta wa tundu la ulimi, mgongo ndio unaolala kwenye mbao na kuiongoza patasi iende wima. Mgongo wenye kitumbo karibu na makali hauongozi kitu. Patasi inateleza bila kukata, unainua mpini kidogo ili ishike, ikishika, inazama. Ukuta wa tundu unatoka umepinda, ulimi unabanwa mdomoni tu, kiti kinalegea kabla ya mwaka, na mwenye kiti anamtukana aliyeuza gundi. Nimeona viti vingi vya Keko vyenye ugonjwa huu, na mara nyingi gundi haikuwa na kosa.

Njia ya kujua haihitaji kifaa. Nenda kwenye dirisha lenye nondo. Shika patasi chini kidogo ya jicho, mgongo juu, mpaka uione taswira ya nondo ndani ya chuma. Sasa iinamishe polepole, nondo itembee kutoka shingo ya patasi kuelekea kwenye makali. Katika mgongo uliosawazishwa, nondo inatembea imenyooka, inatembea, inafika kwenye makali, inatoka. Katika mgongo uliopigwa polishi kwa gurudumu la kitambaa, nondo inatembea vizuri mpaka milimita mbili kabla ya mwisho, halafu inapinda na kukimbia. Hapo gurudumu limekula. Linakula pembeni daima, kwa sababu kitambaa ni laini na kinajikunja kwenye ukingo, na makali yote yako ukingoni. Aliyepiga polishi ile alifanya kazi ya saa nzima kuiharibu patasi ambayo kutu ilikuwa imeiacha salama, na anakuomba umlipe kwa saa hiyo.

Kung'aa na usawa ni mambo mawili. Mgongo wa kijivu usioonyesha nondo unaweza kuwa sawa kabisa, umeachwa tu kwenye kinoo cha kati. Huo weka rula ya chuma juu yake, tazama mwanga chini ya rula, kwa urefu na kwa upana na kwa mshazari. Ukiwa sawa, nunua, utaumalizia mwenyewe. Unaong'aa na kupinda hauna dawa ya haraka: itakubidi kushusha mgongo mzima mpaka ufikie pale palipoliwa.

Mzee aliyenifundisha, Mungu amrehemu, alikuwa na karakana Tanga, upande wa stesheni, na mwanagenzi mpya hakushika mbao kwake. Alipewa patasi yenye kutu na jiwe, akaambiwa neno moja, "Mgongo," akaachwa. Unapaka wino mgongoni, unasugua, unaangalia wino umebaki wapi. Palipobaki ndipo palipo chini. Unasugua tena. Vidole vinachubuka, chuma kinapata moto mpaka unakitia majini kikipoe, na mzee anapita nyuma yako bila kusema kitu. Wakati mwingine aliichukua patasi, akaipitishia ukucha wa gumba macho yakiwa yamefumbwa, akairudisha. Kurudishwa maana yake endelea. Leo kijana ana msasa uliogundishwa juu ya kioo, namba 80, kisha 120, kisha 220, kisha vinoo, na asubuhi moja inatosha kwa patasi ya inchi moja. Bado hafanyi.

Kuna siku mfanyabiashara mmoja alimletea mzee huyo patasi za Marples, zenye ile alama ya jani la shamrok, mgongo wote umenyooka na una rangi moja. Sisi wadogo tulishangaa. Mzee alizipokea, akazipangusa kwa kitambaa chenye petroli, akaweka ukucha. Ukucha ukazama. Vishimo vilikuwa vimejazwa pati ya gari iliyochanganywa na unga wa risasi ya penseli, ikasawazishwa kwa msasa mzuri. Hakugomba. Aliuliza bei ya patasi, halafu akauliza bei ya pati, akasema ya pili aondolewe kwenye hesabu. Yule bwana alicheka, akauza kwa nusu, na nadhani bado alipata faida.

Sasa sikiliza upande wa pili wa jambo hili, kwa sababu wapo waliosikia habari ya mgongo wakaenda kuushindilia kwenye grenda. Patasi na visu vya randa vya zamani sana si chuma kimoja. Tangu Benjamin Huntsman wa Sheffield alipopata njia ya kuyeyusha chuma cha pua kwenye vyungu, miaka ya 1740, chuma kile kilikuwa kizuri na ghali, basi wahunzi waliunganisha kipande chembamba chake juu ya chuma laini cha kawaida. Pumulia hanamu kwa hewa ya moto ya kinywa, utaona mstari: upande mmoja mweupe kidogo, upande mwingine mweusi. Ule mweupe ndio unaokata, na uko upande wa mgongo. Kwa hiyo kila unapousugua mgongo unakula kile kipande chembamba. Fundi wa kweli anasawazisha kwa kiasi cha chini kabisa kinachotosha, na vishimo vilivyo mbali na makali anaviacha, maana havimdhuru mtu. Mgongo usio na kishimo hata kimoja kwenye patasi ya karne ya 19 usikufurahishe. Uliza kimebaki kiasi gani cha ule mweupe.

Na kwenye grenda kuna moto. Chuma kilichotiwa ugumu kinapopata joto karibu nyuzi 220 kinageuka manjano ya majani makavu. Kinapofika 300 kinakuwa buluu, na kwa patasi buluu ni msiba. Mdanganyifu anausugua ule ubuluu, rangi inaondoka, ulaini unabaki. Dawa yake ni tupa ndogo. Igusishe kwenye pembe ya makali, pale pasipoonekana. Ikiteleza, chuma ni kigumu. Ikiuma, mrudishie. Muuzaji akikukataza, umeshapata jibu.

Kwa visu vya randa nina huruma zaidi. Hapo upana wa kidole kimoja nyuma ya makali unatosha, mradi kofia ya kisu ilale bila kuacha upenyo ambamo maranda yataingia. Hata fundi akiinua kisu unywele mmoja anapomalizia mgongo, sitamhukumu. Akifanya hivyo kwenye patasi, nitamhukumu.

Randa yenyewe nitaipita kwa haraka, kwani vitabu vimejaa habari zake. Nyingi za chuma utakazokutana nazo, ziwe Stanley zenyewe, Record za Sheffield au nakala za India, ni watoto wa Leonard Bailey, ambaye kampuni ya Stanley ilinunua haki zake mwaka 1869. Soli iwe sawa mbele ya mdomo, nyuma ya mdomo na kisigino. Kwingine kukiwa na bonde dogo hakuna shida. Mdomo usiwe umepanuliwa kwa tupa. Ukiona kingo zake hazinyooki, kuna mtu alilazimisha kisu kinene. Stanley ni nyeusi. Record ni buluu, buluu ya kina, si ya angani. Rangi iliyobanduka nusu iachwe nusu. Atakayesema haya ni mambo ya ladha tu, na aipake ya kwake nyekundu, lakini asiilete kwangu.

Kinachosema zaidi ni skrubu. Mifereji ya vichwa vyake ikiwa imetafunwa, aliyefungua alitumia bisibisi isiyoenea, na mtu asiyejali bisibisi hakujali na mengine. Ukikuta skrubu mpya kabisa, wasiwasi uzidi. Stanley walitumia uzi wao, namba 12 wenye nyuzi 20 kwa inchi, ambao hauuzwi madukani kwetu. Aliyetia boliti ya kawaida ameilazimisha, na uzi wa ndani ya chuma cha kalibu umekwenda. Pini ya nyuma itacheza milele.

Kwa msumeno, funga jicho moja utazame kwenye mstari wa meno kutoka kwenye mpini hadi ncha. Bati likiwa na wimbi hata moja, mwachie. Kutu hutoka, wimbi la joto la grenda halitoki, au hutoka kwa mikono ambayo sijaiona tena mjini. Kisha tafuta maandishi. Viwanda vikubwa viliandika jina kwenye bati kwa tindikali, maandishi mepesi mno, na msasa wa mkono mtupu unayafuta kwa dakika. Anayefungia msasa kwenye kipande cha mbao bapa huyabakiza. Ukiona kivuli cha jina la Disston wa Philadelphia bado kipo chini ya weusi, jua umekutana na mkarabati anayesoma kabla ya kusugua. Meno yachongwe kwa tupa yote kwa urefu mmoja. Hapa sina hadithi. Ila wapenzi wa Pijo wajue kwamba yule simba alisajiliwa mwaka 1858 na alikuwa kwenye misumeno kabla hajapanda gari. Ukimkuta kwenye bati, usimsugue.

Mipini. Mpini wa zamani uliopasuka na kugundishwa ni bora kuliko mpya, daima. Ikibidi mpya, mpera au mkwaju. Mpingo unapendwa sana na vijana kwa sababu mti ule ni ndugu wa rozwudi ya Brazili iliyokuwa kwenye randa za Stanley za kale, na undugu huo ni wa kweli. Lakini kwenye patasi mpingo ni mzito, unateleza mkono ukitoa jasho, na unasema "nitazame". Mpini hauombi kutazamwa. Vanishi kwenye mpini inatoa malengelenge. Mafuta ya kitani, yapakwe yapanguswe, siku baada ya siku, mpaka mti ukatae kunywa. Pete ya shaba ikilegea ikazwe, isibadilishwe.

Zipo alama nyingine zinazofutwa na wasiojua, na hizi zinanichoma zaidi: majina ya wenyewe. Fundi aligonga herufi zake kwenye mpini, ubavuni mwa randa, juu ya mfuniko. Randa moja inaweza kuwa na herufi za watu watatu, wa mwisho amegonga juu ya wa kwanza. Kuna mshale wa serikali ya Mwingereza. Kuna EAR&H, reli na bandari za Afrika Mashariki, zilizounganishwa mwaka 1948; na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 zana zile zilitawanyika, nyingine kwa halali, nyingine tusiulize. Zamani ukiingia karakana ungeweza kusoma kwenye masanduku nani alifunzwa reli, nani misheni ya Bagamoyo, nani Ifunda, na ukajua nani umpe kazi ya ngazi na nani wa milango. Sasa vijana wanazisugua herufi hizo kwa sababu "zinachafua". Halafu wanagonga jina la kiwanda kikubwa mahali pake. Udanganyifu huu si mpya: Waingereza walipitisha sheria ya alama za bidhaa mwaka 1887, na sababu mojawapo ni visu vya nje vilivyokuwa vikigongwa jina la Sheffield. Tofauti ni kwamba wale walijua kuandika. Nimeshika patasi ya Dar es Salaam iliyogongwa SHEFEILD. Ilikuwa ya springi ya gari, imefuliwa vizuri, imetiwa ugumu sawasawa, mgongo safi. Ingeuzwa kwa jina la mhunzi wake ningeinunua bila kubisha bei.

Nyundo: kabari ya mbao, si msumari. Guni: pima, piga mstari, ligeuze, piga mstari mwingine, mistari isipolingana, ni pambo. Keekee ya uta ikiwa na ngozi mpya na mti wa zamani, vema.

Na bei. Usikubali bei ya jumla. Ulizia kila zana peke yake, sanduku liwe la mwisho. Muuzaji atakataa, kwa sababu katika mkusanyo wowote kuna zana moja inayobeba nyingine zote, nayo ndiyo aliyoitanguliza mkononi mwako. Irudishe mezani, anza na zile zilizo chini ya trei.